Geti Lile Siingii

Makongeni, Thika
9 Februari 2025

Mwanangu Maxine,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mumeo Marvin na mjukuu wangu Bridget. Sisi huku tuko. Mama yako amekaa hapa kando yangu anachambua maharagwe, mguu ameuweka juu ya stuli, na anataka nikuulize kama lile blanketi lilifika. Kuku watatu wamekufa kwa ule ugonjwa wao wa kila mwaka. Kwaya wamenichagua tena kuwa mwenyekiti, ingawa nilikataa mara mbili, na mara ya pili nilikuwa sitanii.

Sasa nisikilize. Najua una simu, nami nina simu, lakini kwenye simu wewe hunikatiza, na jambo hili nataka ulipate lote. Kyalo wa kwaya, yule anayefanya kazi ya ulinzi huko Ruiru, ndiye atakayekuletea bahasha hii, na jibu umpe yeye.

Alhamisi nilimpeleka mama yako kliniki ya sukari, wamwangalie na kile kidonda cha kidole. Mahali pa kuegesha magari pale hospitalini siku hizi si pa hospitali. Wamepakodisha kwa watu wanaojiita Heshima Parking. Heshima! Ofisi yao ni kontena la bluu karibu na pale takataka zinapochomewa. Wana vijana waliovalishwa vizibao vya njano, na kizuizi getini kinachopanda na kushuka kama mkono wa mlevi.

Utaratibu wao ni huu. Ukiingia unapewa tiketi. Kama umeleta mgonjwa, pale dirisha la dawa wanaigonga muhuri, unalipa kidogo, unaenda zako. Sisi dawa tulipewa, lakini muhuri hatukupata, maana msichana wa dirishani alikuwa ameenda kula na muhuri ameufungia ndani ya droo. Nikasema haidhuru, watu wazima wataelewana.

Kufika getini, kijana ananiambia, "Mzee, hii haina muhuri. Hapa wewe si wa hospitali. Wewe ni mtu ameacha gari hapa akaenda shughuli zake town. Hiyo ni faini, elfu tatu."

Nikamwonyesha mama yako, na bandeji yake. Nikamwambia, "Mgonjwa ndiye huyu."

Akasema, "Mimi siangalii mguu, mimi naangalia tiketi."

Maxine, nimeongoza watu miaka mingi katika kiwanda cha nguo, sehemu ya kutia rangi. Nimeona wavivu, nimeona wezi, nimeona hata mtu aliyelala ndani ya pipa. Lakini mtu anayejivunia kutoangalia mguu wa mgonjwa akiwa ndani ya hospitali, huyo nilikuwa sijamwona.

Akaitwa mkubwa wao, Wainaina fulani, mwenye kijiti mdomoni. Naye akarudia yale yale kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba ubaya wangu ni uziwi. Magari yakapanga mstari nyuma yangu, watu wakapiga honi, halafu ikaja ambulansi inayotaka kutoka. Hapo ikabidi wainue kizuizi chao. Lakini kabla sijapita, Wainaina aliandika namba ya gari, akainama dirishani akaniambia, "Siku utarudi hapa na hii gari, tutaifunga mnyororo mpaka ulipe hii, na ingine juu."

Sitalipa hata thumni. Nitawaandikia barua ya kupinga, na mpaka waniombe msamaha kwa maandishi, geti lile siingii.

Mama yako anakusalimu.

Ni mimi baba yako,
Absalom Ouma


Ruiru
2 Machi 2025

Baba,

Habari ya huko? Sisi tuko poa. Blanketi ilifika, na Bridget amemkataza mtu mwingine yeyote kuigusa. Marvin bado yuko Naivasha na lori, anakuja mwisho wa mwezi. Kazi yangu ni ile ile. Sasa tunashona jeans za watu wa ng'ambo, target imepandishwa tena, na ukienda choo supervisor anaangalia saa. Ndiyo maana nimechelewa kujibu, na ndiyo maana sijakuja Thika tangu Krismasi. Usifikirie ni roho mbaya.

Hiyo maneno ya parking imeniudhi hata mimi. Hao ni wakora tu wa kuvaa vizibao. Lakini Baba, umeandika karatasi mbili mbele na nyuma na sijaona mahali umesema daktari alisema nini. Hiyo kidonda ya Mama inapona ama haiponi? Aliambiwa arudi lini? Najua kliniki yake huwa ya kila mwezi, kwa hivyo wiki hii ndiyo yake.

Najua utakasirika, lakini lipa hiyo kitu iishe. Ama acha gari nyumbani, mwende na teksi. Daktari anayeujua mguu wake yuko pale, si kwingine.

Mwambie Mama asivae vile viatu vya kubana.

Ni mimi,
Maxine


Makongeni, Thika
23 Machi 2025

Mwanangu Maxine,

Amani iwe kwenu nyote. Mvua imeanza huku, na bomba la mtaro limeziba kama kawaida, kwa hiyo tunaruka matope kwenda dukani. Barua yako ilikaa na Kyalo wiki nzima kwa sababu alibadilishiwa zamu. Nilimwambia kwamba hata njiwa angefika mapema. Akacheka, lakini hakufurahi.

Unaniambia nilipe iishe. Haitaisha. Mtu akikutoza kwa kosa ambalo hukufanya, ukalipa, umemwajiri. Atarudi kazini kesho.

Barua ya kupinga niliiandika, kurasa mbili, kwa adabu ambayo hawakustahili. Nikaipeleka mwenyewe kwenye kontena, kwa miguu. Wainaina alikuwa anakula chapati. Akaishika barua yangu kwa vidole vya mafuta, akaigeuza huku na huku.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni pingamizi."

"Unapinga nini?"

"Nakupinga wewe."

Wale vijana wake wakacheka, naye hakupenda. Akaniambia, "Sisi hatupokei makaratasi. Complaint inatumwa kwa email. Iko hapo kwa bango."

Nikaenda kwenye bango. Limebandikwa ukutani, juu kuliko urefu wa binadamu, na jua limefuta nusu nzima ya hiyo anwani. Nikarudi kumwambia. Akasema, "Basi ngoja system ikutumie message." Ile system yao ndiyo imekuwa ikinitumia ujumbe kila Jumatatu kwamba deni limeongezeka. Kutoza, system inajua. Kusikiliza, haina masikio.

Siko peke yangu. Unamkumbuka Githae wa nyumba ya pili, mwenye pikapu ya viazi? Naye walimpiga faini siku alipompeleka mkewe kujifungua. Kosa lake, ati gurudumu lilikanyaga mstari. Alitaka kulipa, nikamkataza. Nikamwambia tusimame pamoja.

Mama yako hajambo. Kidonda nakiangalia mwenyewe kila jioni, na anakiosha kwa maji ya chumvi. Usijitie wasiwasi. Na habari ya teksi usinirudie tena. Mke wangu hawezi kupelekwa hospitali na gari la kukodi, na langu limesimama hapa mlangoni, kana kwamba nimeshindwa.

Ni baba yako,
Absalom Ouma


Ruiru
6 Aprili 2025

Baba,

Salamu kwenu. Bridget alikuwa na homa, sasa amepona.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta neno kliniki. Haiko. Jumatano nikampigia Mama nikamuuliza kama alienda mwezi wa tatu. Akaniambia, "Muulize baba yako." Sasa nakuuliza.

Na kitu kingine. Hilo geti umesema huingii. Lakini uliingia kwa miguu kupeleka barua. Kumbe barua inaweza kuingia. Mama ndiye hawezi?

Nijibu hiyo tu. Usinijibu mambo ya Wainaina.

Maxine


Makongeni, Thika
4 Mei 2025

Mwanangu Maxine,

Bwana asifiwe! Na ninasema hivyo kwa sauti, hata majirani wamesikia. Wasalimie Marvin na Bridget. Nafurahi mtoto amepona. Kuku mmoja ametotoa vifaranga, na kwaya tumealikwa kuimba kule Kalimoni sikukuu ya kanisa.

Sikukujibu mwezi uliopita kwa sababu sikupenda sauti ya barua ile. Lakini leo nakusamehe, maana nina furaha. Tumeshinda!

Jumatatu, badala ya ule ujumbe wao wa kila wiki, nimepata huu, nakunakilia neno kwa neno: "Mteja mpendwa, gari lako halina deni lolote. Asante kwa kuchagua Heshima Parking." Nimesoma nikacheka mpaka mama yako akatoka jikoni. Kwamba niliwachagua! Mtu anachaguaje jipu?

Lakini umeona? Halina deni lolote. Wamefuta kimya kimya, kama mwizi anayerudisha sufuria na kuiacha mlangoni. Pingamizi langu lilisomwa na mtu mwenye akili, huko juu, akaona aibu kwa niaba yao. Mimi nilikwambia. Watu wa namna hii wanaishi kwa uoga wa wengine, ukisimama wima wanayeyuka.

Niliusoma ujumbe huo mbele ya wanakwaya, wakapiga makofi. Githae sasa ameamua kabisa kwamba halipi. Kuna wengine wawili hapa Makongeni wamekuja kuniomba niwaandikie barua zao, nami nimewaandikia. Nimekuwa wakili uzeeni!

Kilichobaki ni kimoja. Bado hawajaniomba msamaha. Kufuta si kuomba msamaha. Nikiingia pale sasa nitaonekana mwizi aliyeachiliwa, na sitampa Wainaina raha hiyo. Nimeandika barua ya pili kudai msamaha huo, na nangoja. Msamaha ukifika nitampeleka mama yako kwa gari lile lile, kupitia geti lile lile, polepole.

Yeye yuko. Siku hizi analala mchana, ni hali ya hewa.

Baba yako mwenye furaha,
Absalom Ouma


Ruiru
18 Mei 2025

Baba,

Hongera. Nafurahi kwaya wamepiga makofi.

Kuhusu hao watu na vile walifuta, sijui niseme nini, kwa hivyo sitasema.

Lakini sasa gari haina deni. Hakuna mnyororo. Kama ni kungoja msamaha wa Wainaina, Baba, Mama atazeeka hapo kwa stuli. Hiyo kulala mchana si hali ya hewa. Mpeleke wiki hii. Nakuomba kama mtoto wako, mpeleke.

Na hao wengine, usiwaambie wasilipe. Wewe waandikie barua kama unapenda, lakini usiwaambie wasilipe. Sitaki kueleza zaidi.

Maxine


Makongeni, Thika
15 Juni 2025

Maxine,

Nakusalimu. Mama yako yuko kwako tangu Jumatatu ya wiki juzi, kwa hiyo habari za nyumbani atakuwa amekupa. Mwambie vifaranga wanakula vizuri na mimi napika mwenyewe. Nimempigia mara tatu, anasema anapumzika tu, halafu anakata. Naona kukatiza watu ni ugonjwa wa nyumba hiyo.

Nimepata jambo la kukuandikia, na hili hata kama ungekuwa mbele yangu ningeliandika, maana sitaki kukutazama.

Jumanne Githae alimpeleka mtoto kuchanjwa. Aliingia getini kifua mbele, kama nilivyomfundisha. Alipotoka, pikapu ilikuwa na mnyororo. Akawaambia, "Mimi silipi. Mzee Absalom wa Makongeni hakulipa, na mlimfutia." Wainaina akamwita ndani ya kontena, akageuza ile tarakilishi yao, akamwonyesha. Akamwambia, "Soma hapa. Gari ya mzee wako ililipwa mwezi wa nne. Yote, na ile ya kuongezeka. Ililipwa na simu ya mtu anaitwa Maxine Aketch. Mzee wako ni wa kulipiwa na wasichana."

Githae alilala siku mbili bila pikapu, na viazi vya watu vikiwa ndani. Alipokuja kuniambia, sisi tulikuwa mazoezini, kwaya nzima. Hakunong'ona. Na wale wawili niliowaandikia barua walikuwa pale pale.

Umenifanya nini, Maxine? Wainaina ni takataka, na takataka hainishangazi. Amezaliwa hajui haya na atakufa hajui. Lakini wewe nilikulea. Uliona ninasimama, ukaenda nyuma yangu ukaninunulia kiti. Ukaniacha nipige kelele za ushindi kama jogoo aliyefungiwa, ukijua. Uliandika "hongera" kwa mkono wako. Hata yule kijana wa getini alinidharau usoni, wewe ulinidharau kwa bahasha.

Kama ulikuwa na pesa za kuwatupia wale mbwa, ungemnunulia mama yako viatu.

Usinijibu kwa simu.

Absalom Ouma


Ruiru
22 Juni 2025

Baba,

Salamu. Nimeisoma yote, sikukatiza. Sasa wewe pia soma yote.

Ni ukweli, nililipa. Nililipa mwezi wa nne, nilipoona hujibu barua yangu. Nilikopa kwa chama chetu cha kuweka pesa hapa kazini. Nilifikiri geti ikifunguka utampeleka. Sikujua ukishinda utakuwa mbaya kuliko ukishindwa. Nilikuona mjinga, Baba, ndiyo ukweli, na nikanyamaza kwa sababu nilifikiri mjinga akiwa na furaha ataendesha gari. Hata hiyo hukufanya.

Mama hayuko kwangu, na hajawahi kuwa kwangu. Yuko hospitali hapo Thika, wodi ya wanawake, tangu siku ile alitoka nyumbani.

Alinipigia Jumapili jioni ukiwa kanisani. Aliniambia, "Kidole kimekuwa cheusi na kinanuka. Njoo unichukue. Usimwambie baba yako, akijua ataandika barua." Nikampigia supervisor nikamwambia kama ni kunifuta kazi anifute. Asubuhi nikaja Thika, nikakutana na Mama hapo kona ya duka, maana alikuwa amekuambia anangoja mtu wa kumleta Ruiru. Alitembea mpaka kona na huo mguu, Baba, na wewe ulimbebea begi mpaka kwa mlango ukamwambia safari njema.

Tuliingia na teksi. Kizuizi ikapanda, teksi ikatuacha mlangoni, ikageuka ikatoka. Hakuna mtu alituuliza kitu. Miezi minne ya vita, na kuingia ilikuwa kama kuingia dukani.

Daktari aliangalia akauliza, "Huyu mama alikuwa wapi tangu mwezi wa pili?" Mimi nikaanza kueleza mambo ya parking. Nilikuwa naeleza huku nikisikia vile inasikika. Mama akaniambia ninyamaze. Akamwambia daktari, "Nilikuwa nyumbani na watu wenye akili nyingi."

Wamekata vidole viwili. Walisema angekuja mwezi wa tatu ingekuwa dawa tu.

Nilimuuliza kama nikuite. Akakataa. Nikamwambia utakuwa na wasiwasi. Akanijibu maneno haya, nayaandika vile alisema: "Mmoja alikuwa anapigania geti, mwingine analinunua. Mimi nilikuwa naoza sebuleni. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kupanda boda niende zangu." Hiyo ya kununua ni mimi, najua. Nilituma pesa kwa Heshima Parking badala ya kuja kumchukua mwezi wa nne, kwa sababu kutuma ni dakika moja na kuja ni kukatwa mshahara wa siku.

Barua yako aliniuliza imesema nini. Nikamsomea mpaka mahali pa viatu. Alicheka, Baba. Haikuwa kicheko nzuri.

Hajaniruhusu kukuambia haya yote. Nimeamua tu. Kuona wagonjwa ni mchana na jioni. Ukienda kugombana na watu wa geti kwanza, usiende kabisa.

Maxine


Makongeni, Thika
13 Julai 2025

Mwanangu Maxine,

Nakusalimu, wewe na nyumba yako. Mama yako alitoka hospitali Ijumaa ya wiki jana. Najua ulizungumza naye, lakini najua pia kwamba hakukwambia mengi, na Kyalo anaondoka kesho asubuhi, kwa hiyo naandika.

Barua yako niliipata nikiwa kwenye banda la kuku. Niliisoma nimesimama. Sikubadilisha hata viatu. Niliwasha gari nikaenda, nikaingia geti lile, nikachukua tiketi, nikaegesha ndani ya mistari. Nilipofika wodini muuguzi alimwendea, akarudi akaniambia, "Mama amelala." Nilikuwa namwona kutoka mlangoni. Macho yalikuwa wazi, anatazama dari. Nikakaa kwenye benchi la nje mpaka saa ya wageni ikaisha.

Nilirudi kesho yake, amelala tena. Nikarudi jioni. Mwanamke wa kitanda cha pili, wa kutoka Kalimoni, alianza kunionea huruma, akawa ananiletea uji. Huo uji ulikuwa mchungu kuliko maneno yote ya Wainaina, lakini niliunywa.

Siku aliyokubali niingie, hakunisalimu. Aliniuliza, "Umekuja na karatasi?"

Nikamwambia, "Sikuja na kitu, Selpha."

"Basi kaa."

Nikakaa. Mguu ulikuwa umefungwa hadi kwenye kifundo, juu ya mto, mfupi upande mmoja. Niliutazama muda wote. Nilikuwa nimekwambia nakiangalia kidonda kila jioni. Nilikuwa nakiangalia kweli. Nilikuwa nakiona. Lakini kila nilipokiona nilijiambia, wiki hii watajibu.

Sasa usidhani nimekuwa kondoo. Wale bado ni wezi. Ile faini ilikuwa ya uwongo tangu siku ya kwanza na itakuwa ya uwongo hata siku ya kiama. Wainaina aliniona siku zote nikiingia na kutoka, na kila mara alitabasamu na kile kijiti chake. Nilimdharau kama nilivyomdharau Februari, nikampa pesa yake, nikapita. Sikujua vitu hivyo viwili vinaweza kukaa katika mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Githae nimemlipia mnyororo na viazi vilivyooza. Hakusema asante. Uenyekiti wa kwaya nimeuacha, na safari hii hawakunisihi.

Kuhusu yale niliyokuandikia mwezi wa sita, usiyatunze. Na wewe uliniita mjinga, hilo nalitunza mimi.

Muuguzi alinifundisha kufunga kidonda kabla hatujatoka, maana lazima kifunguliwe, kisafishwe na kufungwa upya kila siku, na kliniki ni kila Jumanne. Jumanne iliyopita tulienda. Leo nimefunga mwenyewe mara ya tisa. Mama yako anasema nafunga kama mtu anayefunga gunia la makaa, na ana haki, mikono yangu ni ya kiwandani. Huwa ananitukana kwa Kijaluo tangu ninapoanza mpaka ninapomaliza, matusi ambayo sikujua anayajua.

Lakini mguu wake hauondoi mikononi mwangu.

Baba yako,
Absalom Ouma